Ulinzi wa Taifa au Benki na Simu: Ulinganisho kwa Mtafiti Kijana wa Usalama wa Kompyuta

Binti mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, alinijia nyumbani Sinza jioni moja akiwa na karatasi mbili ndani ya bahasha ya kaki. Ya kwanza ilikuwa barua ya kumpa kazi katika taasisi ya fedha yenye makao yake maeneo ya Posta. Ya pili ilikuwa tangazo la jeshi la kuandikisha vijana wenye taaluma, na fani yake ilikuwa imetajwa humo. "Shikamoo mwalimu," alisema kabla hata hajaketi, "sijalala siku mbili. Nishike ipi?" Niliitikia marahaba, nikamkaribisha chai, na usiku ule sikumpa jibu. Jibu la haraka lingekuwa jibu la mshahara, na mshahara ndilo jambo jepesi kuliko yote katika uamuzi wa namna hii. Haya ninayoyaandika ni yale niliyomweleza baadaye, kidogo kidogo kwa wiki tatu, nikiyapanga sasa kwa ajili ya kijana mwingine wa Dar es Salaam aliyesomea usalama wa kompyuta na kujikuta mbele ya milango miwili: ule wa utafiti katika mifumo ya ulinzi wa taifa, na ule wa utafiti katika benki, kampuni za simu na mifumo mingine ya kiraia.

Mtafiti ninayemzungumzia hapa hafanani na fundi anayepita ofisini kuweka programu ya kuzuia virusi, ingawa fundi huyo naye anahitajika sana. Mtafiti hupewa kifaa au programu ambayo mtengenezaji wake amekwisha kuapa kwamba ni imara, kisha akatakiwa kutafuta mahali ambapo kiapo hicho si kweli. Husoma msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, mstari kwa mstari. Asipopewa msimbo, huifumua programu iliyofungwa hadi aone inavyofanya kazi. Husikiliza mawasiliano yanayopita kwenye mtandao. Na mwishowe huandika ripoti ambayo mtu asiyejua kompyuta lazima aielewe ili atoe fedha za marekebisho. Kazi hiyo ni ileile kambini na benki, na vitabu vyake ni vilevile. Kinachotofautiana ni mambo mawili: nani ataruhusiwa kujua ulichokigundua, na nani ana uwezo wa kukiziba. Kwa maoni yangu, mengine yote yanafuata nyuma ya hayo mawili.

Niseme pia kwamba mifano yangu yote ya kijeshi ni ya nchi za nje, kwa sababu ndiyo iliyowekwa hadharani na vyombo vyenye mamlaka ya kuiweka. Mifumo ya jeshi letu si mali ya kuandikwa, na kijana anayefikiria kwenda huko aanze kuzoea kanuni hiyo leo.

Mwizi wa mwisho wa mwezi na adui anayesubiri

Katika mifumo ya fedha, anayekushambulia anataka pesa, naye ana haraka. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, pesa za Watanzania zimehamia kwenye simu, na wezi wamehamia huko pamoja nazo. Kila mwenye simu jijini amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," na ingawa usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 2020, uliwabana matapeli kwa kiasi, haukuwamaliza. Juu ya matapeli hao wa mitaani wapo wezi wakubwa wanaoingia ndani ya mifumo yenyewe. Mfano ninaoupenda kufundishia ni wa Benki Kuu ya Bangladesh: Februari 2016 wezi waliingia kwenye mtandao wake, wakasubiri hadi Alhamisi usiku, kabla ya mapumziko ya wiki ya nchi ile, wakatuma maagizo ya kuhamisha takriban dola milioni 951 kutoka kwenye akaunti yake iliyoko New York. Maagizo mengi yalizuiliwa, mojawapo kwa sababu ya neno moja lililoandikwa vibaya, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Mtafiti wa benki huishi ndani ya kalenda ya namna hiyo. Mwisho wa mwezi, mkesha wa Iddi na wiki ya Krismasi ni siku zake za kukesha, na matokeo ya kazi yake huyaona upesi, kwa sababu pesa zikiibwa hesabu zitakataa kulingana kufikia asubuhi.

Katika mifumo ya ulinzi, adui hana haraka hata kidogo. Mafanikio yake makubwa ni kukaa ndani bila kujulikana hadi siku atakapohitaji kuzima kitu. Kirusi kilichoitwa Stuxnet, kilichogunduliwa Juni 2010 na kampuni ndogo ya Belarus, kilikuwa kimeingia katika kituo cha kurutubisha urani cha Natanz nchini Iran, mahali ambapo kompyuta hazikuunganishwa na intaneti. Kilibebwa na flashi. Kilipofika kiliharibu mashine polepole kwa kubadilisha kasi yake ya kuzunguka, huku kikiwaonyesha waangalizi vipimo vya kawaida kilivyokuwa kimevirekodi awali, hivyo wahandisi wakawa wanatazama skrini inayosema kila kitu ni salama. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 2008, flashi nyingine ilikuwa imeingiza kirusi kiitwacho agent.btz katika mitandao ya jeshi la Marekani, ikiwemo ile ya siri. Kukisafisha kulichukua zaidi ya mwaka mmoja, na matumizi ya flashi yalipigwa marufuku kwa muda. Na tarehe 24 Februari 2022, takriban saa moja kabla ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, modemu za satelaiti za kampuni ya Viasat, zilizotumiwa pia na jeshi la Ukraine, ziliharibiwa kwa maelfu. Wimbi la shambulio hilo lilifika hadi Ujerumani, ambako mitambo ya umeme wa upepo ipatayo 5,800 ilipoteza mawasiliano ya kuisimamia.

Ninaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanaamua aina ya akili inayohitajika. Mtafiti wa ulinzi anaweza kukaa miezi minane na kifaa kimoja, asione kitu, na bado akawa amefanya kazi nzuri. Siku shambulio litakapokuja, huenda yeye amekwisha kuhamishiwa kituo kingine. Kijana anayehitaji kuona matunda ya jasho lake kila wiki ataumia huko, hata kama moyo wake unaipenda nchi.

Nani ataziba tundu uliloliona

Hapa ndipo ninapowaomba vijana watulie na kusoma polepole, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa baada ya miaka miwili ya kazi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipima uimara wa mfumo wa mawakala katika taasisi moja ya fedha. Saa nne asubuhi nilikuta seva moja bado inatumia nywila ya kiwandani, ile inayoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo na kujulikana duniani kote. Nilimpigia msimamizi wa zamu, naye hakupendezwa, na maneno tuliyoambiana hayakuwa mazuri. Lakini kufikia alasiri nywila ilikuwa imebadilishwa, na usiku ule tulipitia kumbukumbu za mfumo pamoja hadi tukaridhika kwamba hakuna aliyetangulia kuingia. Nililala nikijua kwamba tundu nililoliona asubuhi halipo tena. Raha ya usalama wa mifumo ya kiraia iko hapo. Programu ya simu inaweza kutolewa toleo jipya ndani ya siku chache, seva inaweza kuwekewa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu, usiku wa manane, na mwenye mali yuko ghorofa ya juu yako.

Mifumo ya ulinzi haiendi hivyo. Rada, redio ya mawasiliano au chombo cha angani huishi miaka ishirini au thelathini, na kompyuta iliyomo ndani yake ilibuniwa kabla mtafiti hajaanza shule ya msingi. Kila badiliko lazima lijaribiwe upya, kwa sababu kiraka kinachozima mfumo wa ulinzi kwa dakika tano ni hatari kama shambulio lenyewe. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi GAO, ilitoa ripoti Oktoba 2018 juu ya usalama wa kompyuta zilizomo katika silaha za nchi hiyo. Ilieleza kwamba wapimaji, katika majaribio ya miaka 2012 hadi 2017, walikuta udhaifu mkubwa karibu katika kila mfumo uliokuwa ukitengenezwa. Timu moja iliweza kubahatisha nywila ya msimamizi kwa sekunde 9. Na timu ya watu wawili ilihitaji saa moja kuingia na siku moja kuushika mfumo wote. Lakini sentensi iliyonigusa zaidi katika ripoti ile ni nyingine. Katika mfumo mmoja, kati ya matundu 20 yaliyokuwa yameripotiwa katika ukaguzi uliotangulia, lililokuwa limezibwa lilikuwa 1 tu.

Mfikirie mtafiti aliyeandika ile ripoti ya kwanza. Alifanya kazi yake kwa uaminifu, akaorodhesha mambo ishirini, akapanda cheo labda, na miaka baadaye mwenzake akakuta kumi na tisa yakiwa palepale. Hayo yametokea katika nchi yenye bajeti kubwa ya ulinzi kuliko nyingine yoyote duniani, na yenye viwanda vyake yenyewe vya kutengeneza silaha hizo.

Kwa nchi zinazonunua vifaa kutoka kwa wengine, uzito huo unaongezeka. Ukikuta tundu katika kifaa kilichotengenezwa mbali, anayeweza kuliziba ni aliyekitengeneza, na kumwambia kwamba umeliona ni kumwambia pia uwezo wako umefikia wapi. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliripoti kwamba kompyuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililojengwa kwa msaada wa China, zilikuwa zikituma taarifa nje kila usiku kati ya saa sita na saa nane kwa miaka kadhaa. China ilikanusha vikali. Kwa mtafiti, somo kubwa katika habari ile ni namna jambo lilivyodaiwa kuonekana: mtu aliona kwamba seva zina shughuli nyingi saa ambazo jengo halina watu. Hakuhitaji mtambo wa ajabu. Alihitaji kuijua hali ya kawaida ya mfumo wake kiasi cha kushtuka inapobadilika. Nchi zetu zinahitaji watu wa aina hiyo kwa wingi, wakae mahali pamoja muda mrefu, na hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote niliyo nayo ya kumshawishi kijana aende upande wa ulinzi. Pale ambapo kuziba hakuwezekani, kilichobaki ni kutazama bila kuchoka, kutenga kifaa kisichoaminika, na kuandaa njia mbadala kabla ya siku ya kuihitaji. Ni kazi ya heshima, ingawa haina shangwe.

Ukimya

Nimewahi kufanya kazi ya mkataba wa miezi saba ambayo sijaieleza kwa mtu hadi leo, na sitaieleza hapa. Kwenye maelezo yangu ya kazi kuna pengo la miezi saba. Nilipoomba kazi iliyofuata, mhoji aliuliza nilikuwa wapi, nikamjibu kwamba nilikuwa kazini na siruhusiwi kuongeza neno. Alinitazama kana kwamba nilikuwa gerezani. Nyumbani, mama yangu mzazi alijua tu kwamba natoka alfajiri na kurudi usiku, na kwa kuwa ni mama, alihesabu hilo kuwa ugonjwa au deni. Hiyo ilikuwa miezi saba tu. Anayeingia utumishi wa ulinzi anachukua ukimya huo kwa maisha yake yote ya kazi, na kwa mujibu wa Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, kuutoboa ni kosa la jinai.

Ukimya una gharama ya kitaaluma pia. Fani hii hukua kwa watu kuonyeshana walichokiona. Tangu mwaka 1999 udhaifu unaogunduliwa katika programu hupewa namba ya pamoja ya CVE ili dunia nzima iuzungumze kwa jina moja, na mtafiti wa kiraia anaweza kuweka namba hizo kwenye maelezo yake kama fundi seremala anavyoonyesha milango aliyoichonga. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, alishangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa katika programu ya xz inayotumika katika seva nyingi duniani. Aliandika hadharani mwezi uleule, na wengine wakaendeleza uchunguzi saa hiyohiyo. Mtafiti wa ulinzi anaweza kugundua jambo la ukubwa huo, na watakaojua wakawa watu sita.

Lipo jambo zito zaidi, na ninalisema kwa uangalifu. Katika benki hakuna hata siku moja utakapoombwa kuacha tundu wazi. Katika vyombo vya ulinzi vya baadhi ya nchi, mtafiti anaweza kukuta udhaifu katika programu inayotumiwa na kila mtu, na wakubwa wake wakaamua kuutunza kama silaha badala ya kumwarifu mtengenezaji. Aprili 2017 kundi lililojiita Shadow Brokers lilimwaga hadharani zana za namna hiyo, ambazo Microsoft ilitamka kwamba ziliibwa kutoka shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka mwezi mmoja tu kabla. Tarehe 12 Mei mwaka uleule kirusi cha WannaCry, kikitumia mojawapo ya zana hizo, kilienea katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Kijana anayetaka kazi hii ajiulize mapema atafanya nini akiletewa uamuzi wa aina hiyo, kwa sababu katika safu ya amri hakuna nafasi ya kuanza kujiuliza siku yenyewe ikifika. Mimi nimekwisha kujijibu: naamini tundu lililoko katika programu inayotumiwa na zahanati zetu, mabenki yetu na wizara zetu linapaswa kuzibwa, kwa sababu nchi isiyotengeneza programu zake ina mengi ya kupoteza kuliko ya kushinda katika mchezo wa kuficha. Yapo mawazo mengine, na yanashikwa na watu wenye busara kunishinda.

Umri, mshahara na sheria

Mambo haya yanaelezeka kwa kifupi. Benki na kampuni kubwa za simu hulipa vizuri zaidi mwanzoni, hulipia mitihani ya kimataifa ya fani, na zinaweza kukuachisha kazi mkataba ukiisha. Utumishi wa ulinzi hulipa kwa utulivu: makazi, matibabu, kiinua mgongo, na ngazi ya vyeo inayojulikana. Ukumbuke kwamba ukiwa askari wewe ni askari kwanza na mtafiti baadaye. Utapita mafunzo, utavaa sare, utapangiwa kituo, na kituo hicho si lazima kiwe Dar es Salaam.

Umri ndio unaobana. Matangazo ya jeshi huweka kikomo cha umri, ambacho kwa mwenye shahada huangukia ndani ya miaka ya ishirini, na huzingatia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Benki haina kikomo kama hicho. Kwa hiyo ushauri uliozoeleka wa "anza benki, ukikomaa uende kulitumikia taifa" una kasoro, kwani utakapokomaa mlango wa sare unaweza kuwa umefungwa. Binti yule alikuwa na miaka 25 aliponijia, na jambo hili pekee ndilo lililomfanya ashindwe kulala.

Kuhusu sheria, pande zote mbili zinakupa kitu ambacho mtafiti wa mtaani hana: ruhusa ya maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu mtu anayeingia katika mfumo bila idhini kuwa mkosaji, hata kama nia yake ilikuwa kumsaidia mwenye mfumo, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili. Nimewaona vijana wenye kipaji wakijaribu "kuipima" tovuti ya ofisi ya umma ili waonekane na kuajiriwa. Ninawasihi wasifanye hivyo. Rekodi ya jinai itawafungia milango yote miwili kwa pamoja.

Njia za kati

Wapo wanaodhani kwamba nje ya sare hakuna kulilinda taifa. Sikubaliani nao. Mwaka 2007 Estonia iliposhambuliwa kupitia mtandao, waliozimwa walikuwa mabenki, magazeti na tovuti za serikali, na waliosimama kuyarudisha walikuwa kwa sehemu kubwa wahandisi wa kiraia. Baadaye nchi ile iliunda kikosi cha kujitolea cha wataalamu wanaofanya kazi zao za kawaida mchana na kufanya mazoezi ya kulinda mitandao pamoja na jeshi. Hapa kwetu, Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu kwa wakati mmoja, kila aliyekuwa Dar es Salaam aliona jinsi ofisi, maduka na shule zilivyopooza. Haikuwa vita wala udukuzi, lakini ilituonyesha kwamba uhai wa nchi unapita katika nyaya na mitambo inayotunzwa na raia.

Kuna taasisi za umma za kiraia zinazokaa katikati ya milango hii miwili. Mamlaka ya Mawasiliano, yenye jengo lake barabara ya Sam Nujoma, ina kitengo cha TZ-CERT cha kuitikia matukio ya usalama wa mitandao nchini. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, husimamia mifumo ya ofisi za serikali. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2022. Katika taasisi kama hizi mtafiti huona picha ya nchi nzima kuliko aonavyo mtu wa benki moja, na mzigo wake wa siri si mzito kama wa askari. Ubaya ni kwamba mara nyingi kazi huwa ya miongozo na vikao, na mikono isiyogusa msimbo kwa miaka mitatu hupoteza wepesi wake.

Njia nyingine ni ya mtafiti huru anayelipwa kwa kila tundu analoliripoti kwa kampuni zilizotangaza kuruhusu. Hata vyombo vya ulinzi vimeijaribu: mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilialika watafiti wa nje kupima baadhi ya tovuti zake za hadharani, wakajitokeza zaidi ya 1,400, na ripoti 138 zikaonekana kuwa za kweli na kulipwa, mpango mzima ukigharimu takriban dola 150,000. Kwa kijana wa hapa, njia hii ni shule nzuri sana ya jioni, lakini kwa kodi ya nyumba siitegemei.

Nani aende wapi

Nimeona vijana wa kutosha hadi kuwa na maoni. Aende upande wa ulinzi yule anayeweza kukaa na jambo moja muda mrefu bila kusifiwa, ambaye nyumbani kwake wanaweza kuishi na "niko kazini" kama jibu kamili, ambaye anaipokea amri bila kuvunjika moyo, na ambaye anapenda vifaa zaidi ya programu: redio, antena, mitambo, saketi. Asiende kwa sababu ya picha za magwanda na mashujaa, wala kwa kuogopa ushindani wa benki. Kambini pia wapo watu hodari, na mtu dhaifu aliyefunikwa na siri ni hatari kuliko mtu dhaifu anayeonekana.

Aende benki au kampuni ya simu yule ambaye bado anahitaji walimu wengi na makosa mengi madogo yanayorekebishwa upesi, anayejifunza kwa kulinganisha kazi yake na ya wengine, na mwenye wadogo zake wanaosubiri ada. Hili la mwisho halina aibu yoyote. Kumlinda mama lishe wa Tandale asiibiwe mtaji wake wa siku ni ulinzi wa watu, na ninalisema hivyo kwa dhati kila ninapofundisha.

Kwa walio katikati na umri bado unawaruhusu, mizani yangu huinamia upande wa ulinzi kidogo, kwa sababu moja: mlango huo hufungwa, na ule wa benki haufungwi. Lakini kabla ya kutia saini upande wowote, yaulizwe maswali matatu, ikiwezekana majibu yapatikane kwa maandishi. Wajibu wa siri unaendelea kwa muda gani baada ya kuacha kazi, na unagusa mambo gani hasa? Je, nitaruhusiwa kusoma shahada ya pili, na tasnifu yake itakuwa ya wazi au ya kufungiwa kabatini? Na ripoti ninayoandika inamfikia nani, na yeye anatakiwa kujibu ndani ya siku ngapi? Swali hili la tatu lina uzito wa pekee. Mahali ambapo ripoti ina mpokeaji anayejulikana na siku ya kujibiwa, mtafiti hufanya kazi kwa moyo, awe amevaa sare au amevaa tai.

Binti yule aliuliza maswali hayo pande zote mbili. Upande mmoja ulimjibu jambo la tatu palepale, kwa jina la cheo na idadi ya siku, naye akaenda huko. Ni upande upi, aliniomba nisiseme.